Usiniongeleshe

"Taratibu, mzee wangu, taratibu. Tunakwenda kupiga picha ya kifua tu, halafu tunarudi kunywa chai yetu. Unasikia baridi? Ngoja nikuvutie shuka."

Nesi alivuta shuka hadi kidevuni, akaiweka sawa barakoa ya oksijeni iliyokuwa imekaa upande, akaendelea kutembea kando ya kitanda cha magurudumu huku mhudumu akisukuma. Wagonjwa wa wodi ya moyo waliwatazama wakipita katikati ya safu mbili za vitanda. Mzee hakujibu kitu. Angejibu nini? Alikuwa amekata roho asubuhi ile ile, wenzake wakinywa uji, na barakoa iliyokuwa usoni mwake haikuunganishwa na mtungi wowote.

Ndiyo iliyokuwa desturi ya wodi ile. Zamani maiti ilifunikwa gubigubi kama maiti nyingine duniani, ikatolewa kwa mlango mmoja uliopo, mbele ya macho ya kila mtu. Mpaka siku moja mgonjwa aliyekuwa akifunga kifurushi chake arudi nyumbani alipoona shuka lile likimpita, akajishika kifua, akaketi, na hakuinuka tena. Wodi ikaomba mapazia. Mapazia yalinunuliwa kweli, mazito, ya kijani, yakaenda kutundikwa jengo jipya wanakolazwa wenye nazo, ambako kila mgonjwa tayari ana chumba chake na mlango wake. Basi matroni akatumia alichokuwa nacho, yaani uso wa maiti na mdomo wa nesi.

"Wewe una sauti ya kubembeleza," alimwambia. "Mtu akikusikia anatulia. Maiti ikitoka, uso wazi, barakoa usoni, na wewe unaongea naye mpaka mlangoni. Kazi hii nimekupa wewe."

Alipewa kazi, naye akaifanya. Mwanzoni aliona aibu, akitoa maneno mawili matatu tu. Baadaye yakazoea njia. Na hapo ndipo palipoanza jambo ambalo hakumwambia mtu: wakishavuka mlango, wakaingia korido ndefu ya nyuma ya chumba cha kufulia, ambako hakuna wa kudanganywa, mdomo haukunyamaza. Alimweleza maiti kwamba usingizi umemhama. Alimweleza kuhusu mdogo wake anayesoma, kuhusu viatu vinavyombana, kuhusu hofu inayomjia akiwa amekaa tu anakula, moyo ukimwenda mbio bila kufukuzwa na kitu. Maiti ni msikilizaji mzuri, hamkatizi mtu. Mhudumu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa na tabia ya kupiga mluzi wakifika hapo ili asisikie ya watu.

Nyumbani alikuwa bubu.

"Dada, hivi nimekukosea?" mdogo wake alimwuliza siku moja wakiwa mezani.

"Hujanikosea."

"Mbona huongei? Juzi nimekusimulia kisa kizima, unaniitikia 'mm' tu. Kama mdomo unauacha kazini, basi."

"Nimechoka tu, mdogo wangu."

Alitaka kusema zaidi ya hapo. Badala yake akakusanya vyombo.

Mwisho wa korido ya wodi palikuwa na mlango wenye kibao: USHAURI NASAHA. Siku moja alijipa moyo akashika kitasa. Mlango ulikuwa umefungwa. Alichungulia dirishani akaona viti vya ngozi vimepangwa hadi darini, bado vina nailoni. Akaenda kwa matroni, akamkuta amevua viatu, miguu yake iliyovimba ameipandisha juu ya boksi la glavu.

"Matroni, samahani. Yule mshauri nasaha siku hizi anakuja lini?"

"Mgonjwa yupi anamtaka?"

"Mimi."

Matroni aliweka kikombe chini. "Umefiwa?"

"Sijafiwa."

"Unaumwa?"

"Sijui. Nikitoka hapa siwezi kuzungumza na mtu. Naongea na… naongea na wale tu."

Matroni alimtazama kitambo, na macho yake hayakuwa ya ubaya. Alikuwa amefanya kazi ile tangu nesi akiwa mtoto mchanga. "Mwanangu, mshauri walimhamishia jengo jipya. Kule wanalipa, wanamtaka. Chumbani kwake wameweka viti vya mkurugenzi. Sisi enzi zetu ukizidiwa unakwenda chooni, unalia, unanawa uso, unarudi kazini." Akakiinua tena kikombe chake. "Choo kipo."

Mtu mmoja tu kati ya walio hai ndiye aliyezungumza naye kwa raha zake, naye ni Kinyozi. Hilo lilikuwa jina lake na kazi yake pia. Alikuja na mkasi, kitana na sabuni yake ya ndevu, na kwa kuwa vali ya moyo wake, kile kilango cha kupitishia damu, ilikuwa imekaza na haikumruhusu kwenda mbali, alizunguka vitandani taratibu akiwanyoa wenzake bure. Akitembea vitanda viwili anaketi, anahema, anatoa utani, anaendelea.

"Daktari ananiambia nipige moyo konde," alisema siku moja akiwa anampaka sabuni Mwalimu, mstaafu wa kitanda cha jirani. "Nikamwambia, daktari, moyo wenyewe huu ukiguswa tu unazima, wewe unataka niupige makonde?"

"Usinichekeshe na wembe uko shingoni," Mwalimu akalalamika.

"Cheka tu, Mwalimu. Wembe usipokuua, uji wa hapa utakuua."

Nesi alicheka, na kicheko chenyewe kilimshtua. Lakini Kinyozi hakuwa mtu wa kucheka siku zote. Safari iliyopita walipokuja madaktari wageni wa upasuaji, yeye alikuwa wa kwanza kwenye orodha yao. Aliogeshwa, akazuiwa kula, akalazwa koridoni tayari kuingia, kisha akarudishwa. Mkwe wa mkubwa fulani alikuwa ameletwa jengo jipya kwa haraka. Daktari bingwa alipita akamgusa bega, akasema, "Usiwe na wasiwasi, baba, watakuja tena," akaenda zake. Tangu hapo Kinyozi alilala ameketi, mkono kifuani, akiusikiliza moyo kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi nje ya nyumba. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuuliza nani hajaamka.

"Sista," alimwita siku hiyo baada ya Mwalimu kwenda kunawa. "Unajua wanakuitaje humu?"

"Wananiitaje?"

"Msindikizaji."

Nesi aliacha kukunja shuka.

"Usikasirike. Unafikiri tukiwa na moyo mbovu na macho ni mabovu? Mtu unayemwongelesha njiani harudi. Usiyemwongelesha anarudi, hata akirudi analalamika. Tumeshawahesabu. Wapya wakija ndilo jambo la kwanza tunalowafundisha, kabla ya kuwaonyesha choo."

Nesi alielewa mengi kwa mpigo. Alielewa kwa nini akisogelea kitanda na kusema habari za asubuhi kwa upole, mtu anafumba macho. Alielewa kwa nini yule baba wa dirishani, alipoulizwa kama alilala vizuri, alianza kuomba toba. Alielewa kwa nini wagonjwa walimpenda yule nesi mwingine mwenye kufoka, anayewatupia vidonge kama anayelisha kuku. Yeye, mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa ndiye anayeogopwa. Lilimuuma, akageuza uso.

"Siyo kosa lako," Kinyozi akasema. "Lakini nina ombi. Siku utakayokuja kunichukua nipelekwe kwa wale wageni, usiniongeleshe. Niite shetani ukitaka, ila kwa kufoka. Nikisikia tu 'taratibu, mzee wangu', huu moyo utajizima wenyewe kwa adabu." Alitabasamu, akaufuta mkasi kwa pindo la shuka.

"Nakuahidi, baba. Hata salamu yangu hutaisikia."

"Hapo umesema."

Madaktari wageni wakaja. Safari hii tena Kinyozi alikuwa wa kwanza. Alfajiri aliwaamsha majirani kuwaaga na kuwadai sigara ambazo hakuna aliyekuwa nazo. Mwalimu alimpa mkono akaushika kwa muda mrefu.

Nesi alikuja na kitanda cha magurudumu, akasimama mbele yake, akaweka kidole mdomoni. Kinyozi aliona, akacheka kimya kimya, akapanda. Walipita katikati ya vitanda, magurudumu tu yakilia. Wagonjwa walitega masikio, na waliposikia hakuna neno wakaanza kumpungia mikono. Kinyozi naye akapunga kama bwana harusi. Nesi aliuona mshipa wa shingo yake ukipiga polepole, kwa utaratibu, akafurahi. Alikuwa hajafurahi hivyo kwa muda mrefu.

Nje ya mlango wa wodi walisimama watu wengi: madaktari wageni, daktari bingwa, mkurugenzi mwenye tai, na matroni nyuma yao. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani, aliwatazama wakija.

"Mbona nesi haongei na mgonjwa wake?" aliuliza. "Mtu anayekwenda kupasuliwa moyo anahitaji kutulizwa. Kwetu tunalisisitiza sana hilo."

Mkurugenzi aligeuka kumtazama matroni. Matroni akamtazama nesi.

"Sista, mwongeleshe mgonjwa."

"Ametulia, matroni."

"Sista." Mara hii jina lenyewe lilitoka kupitia meno. "Wageni wanasubiri."

Nesi alitazama tai ya mkurugenzi, akamkumbuka mdogo wake na daftari zake. Alifungua mdomo. Yako maneno mengi duniani. Angeweza kusema mvua inakuja, angeweza kuuliza wembe umeachwa kwa nani. Lakini mdomo wake ukiwa kando ya kitanda kile ulijua njia moja tu.

"Taratibu, mzee wangu," alisema. "Taratibu…"

Kinyozi alitumbua macho. Aliugusa uso wake, akaupapasa kutafuta barakoa. "Sijafa," alisema. "Jamani, mimi sijafa! Niteremsheni!" Alirusha mguu mmoja nje ya kitanda. Mashine ndogo iliyofungwa kwenye kidole chake ikaanza kupiga kelele. Mhudumu alimshika bega, naye akazidi kupambana, midomo ikibadilika rangi.

Mgeni mwenye miwani alimshika mkono, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Moyo ukienda hivi siwezi kumpa dawa ya usingizi. Atatufia mezani."

"Baba," daktari bingwa akainama, "unakataa upasuaji?"

"Nakataa kuongeleshwa na huyu!"

"Nimeuliza upasuaji. Unataka au hutaki?"

Kinyozi alikuwa akitafuta pumzi.

"Amekataa," daktari bingwa akasema.

"Daktari, ni kosa langu," nesi akaruka. "Mpeni nusu saa. Atatulia. Mimi nitaondoka hapa. Kuna sababu, naomba nieleze…"

"Ueleze nini?" mkurugenzi aliuliza. Hakupandisha sauti. Watu wa cheo chake hawana haja.

Nesi alimtazama matroni, na matroni akatazama vidole vya miguu yake. Aeleze nini mbele ya wageni? Kwamba hospitali hii inavalisha maiti barakoa kwa sababu haina pazia? Akarudi nyuma hatua moja.

"Yule wa jengo jipya yuko tayari," mkurugenzi akasema.

Na kweli alikuwa tayari. Lifti ilifunguka, kikatoka kitanda chenye shuka jeupe, mgonjwa ameshaogeshwa na kunyolewa kifua, kabla hata miguu ya Kinyozi haijafika sakafuni.

Kwa siku nyingi baada ya hapo nesi alimkwepa. Alipita upande wa pili, akatuma wenzake wampe dawa. Mwishowe Kinyozi mwenyewe ndiye aliyemwita, kwa kumtupia kitana.

"Njoo hapa, Msindikizaji. Umenihama kama mdeni."

Alikaribia. Machozi yalimtoka bila ruhusa, hapo hapo wodini, jambo lililokatazwa. "Nisamehe, baba."

"Mwenye nguvu mpishe. Wewe ulipisha, na mimi nikapisha." Alikuwa amepungua, miguu imevimba, na kila maneno matatu alisimama kupumua. "Unajua kinachoniuma? Kila mtu humu ananiambia nisiogope. Daktari, matroni, mchungaji, mpaka mfagiaji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza naogopa nini."

Nesi alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo jingine lililokatazwa. "Unaogopa nini?"

Kinyozi alifikiri. "Kwenda peke yangu," alisema. "Nimefanya kazi maisha yangu yote nimeshika kichwa cha mtu. Sijazoea kukaa peke yangu." Akanyoosha mkono arudishiwe kitana. "Lakini ile ahadi bado ipo?"

"Ipo."

"Siku yangu ikifika, hiyo ya kweli, usiniongopee kwamba nakwenda kupiga picha. Ninyamazie tu, kwa heshima. Safari hii usiniangushe."

"Sitakuangusha."

Siku yake ilifika kabla ya madaktari wageni kuondoka, jua halijapanda sana, akiwa kazini. Binti yake Mwalimu alikuwa anakuja kumwona babaye, na Mwalimu alitaka aonekane mtu. Kinyozi alimaliza shavu la kushoto, akapaka sabuni la kulia, akasema, "Ngoja kwanza niketi." Akaketi. Kisha akainama mbele polepole kama mtu anayeokota kitu, na wembe ukaanguka.

Manesi walimlaza, wakamzunguka, wakajipanga migongo ikiwa nje ili wengine wasione. Mtu akaongeza sauti ya redio. Walimkandamiza kifua kwa muda mrefu kuliko walivyowafanyia wengi, nesi akiwa mmoja wao, mpaka daktari kijana aliyekuwa zamuni akamshika kifundo cha mkono na kusema chini chini, "Inatosha, sista."

Matroni alikuwa ameshafika na barakoa. Aliivalisha mwenyewe, akaufunga mpira nyuma ya masikio. "Watu wametaharuki," alinong'ona. "Ongea naye vizuri leo. Vizuri sana."

Mhudumu alisukuma. Nesi alitembea kando, mkono juu ya mkono wa Kinyozi chini ya shuka. Redio ilizimwa na mtu. Wodi nzima ikanyamaza, watu wameinuka kwenye viwiko, wengine wamekaa, wote wakitega sikio wasikie kama ataongea. Matroni alimkazia macho kutoka nyuma. Maneno yalikuwepo, yamejipanga ulimini, yanamsukuma. Aliyauma kwa meno. Kitanda cha kwanza kikapita, cha pili, cha tano. Alijiambia: wajue. Leo angalau wajue ukweli, na Kinyozi aende kwa heshima yake.

Karibu na mlango alisikia mtu akishusha pumzi.

"Haongei," baba wa dirishani akasema. Kisha kwa sauti kubwa, "Jamani, haongei! Kinyozi mzima!"

Kicheko kikalipuka huku na huku, cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Mtu akapiga makofi. Wengine wakafuata, taratibu, kwa mikono yenye sindano. "Nenda urudi, Kinyozi!" "Waambie hao wageni wasikukawize!" Na Mwalimu, amesimama kando ya kitanda chake, shavu moja limetakata, jingine jeupe kwa povu, alipaaza sauti ya darasani: "Usinisahau na upande huu!"

Nesi hakusimama. Walivuka mlango, wakaingia korido ya nyuma ya chumba cha kufulia, na kwa mara ya kwanza mhudumu hakupiga mluzi. Nesi alitembea mpaka mwisho hajasema neno, kama alivyoahidi.

Aliporudi, matroni alikuwa akimsubiri nje ya mlango wa wodi. Uso wake ulikuwa umelegea, karibu ungesema amefurahi.

"Umeona walivyotulia?" alisema. "Hata presha zao zimeshuka, nimewapima. Sikulifikiria hili. Kuanzia leo tutafanya hivyo hivyo, kimya kimya." Akampapasa bega. "Nawa uso, uingie. Saa ya dawa imefika."

Alinawa. Aliingia na sinia la dawa, ile barakoa bado imo mfukoni mwake, alikuwa amesahau kuirudisha. Binti yake Mwalimu alikuwa amefika, amekaa na kitambaa chenye maji mkononi, anambembeleza babaye amfute povu lililokwisha kukauka na kupasuka. Mwalimu alikuwa akimsukuma mkono.

"Acha, mwanangu. Kuna mtu anakuja kumalizia." Kisha alimwona nesi. "Sista! Wameshaanza kumpasua?"

Vichwa vyote viligeuka. Hakuna aliyemtazama machoni. Walikuwa wakiutazama mdomo wake, kusubiri kama utafunguka.